Bili ya maji Dar es Salaam: nani alipie bomba jipya, na kwa njia ipi?

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mama wa Chanika anayenunua dumu kwa Sh 100 kwa jirani mwenye bomba analipa Sh 5,000 kwa uniti, na siku bomba la jirani likikauka, mwenye mkokoteni akataka Sh 300 kwa dumu, uniti ileile inamfikia kwa Sh 15,000. Hakuna bei ya mamlaka ya maji inayokaribia kiasi hicho. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha njia za kuongeza mapato ya miundombinu bila kuwaelemea wananchi, inafaa tukubaliane kwamba maji ya gharama kubwa kuliko yote katika jiji hili ni ya yule asiyepata bili kabisa, na kwamba njia yoyote inayoshusha bei ya uniti huku ikimwacha huyo pale alipo bado haijamgusa maskini.

Suala hili hurudi kila mara mamlaka ya maji inapopeleka maombi ya kurekebisha bei kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Sheria inaitaka EWURA kufanya taftishi, yaani uchunguzi wa wazi kuhusu maombi hayo, na wadau hualikwa kutoa maoni yao ukumbini au kwa maandishi, likiwamo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Katika mikutano ya namna hiyo maswali mawili huchanganywa hadi yanaonekana kuwa moja. La kwanza ni fedha za mabomba, matangi na mitambo zitoke wapi. La pili ni nani apunguziwe mzigo, na kwa utaratibu gani. Mtu anaweza kuunga mkono mkopo kwa swali la kwanza na ruzuku kwa swali la pili bila kujipinga, kwa hiyo nitayatenganisha.

Fedha zitoke wapi

Njia ya kwanza ni bili yenyewe: bei inapandishwa, na ziada inawekwa kando kwa ajili ya ujenzi. Uzuri wake ni kwamba haina riba wala mfadhili mwenye masharti. Ubaya wake ni wa muda. Mtambo wa kutibu maji wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, ule wa Ruvu Chini mwaka 1976, na yote miwili, baada ya kupanuliwa, ndiyo bado inayolinywesha jiji. Kitu kinachodumu zaidi ya miaka 50 kikilipwa chote na wateja wa miaka mitatu, wateja hao wanakuwa wamewanunulia maji wajukuu wa watu wengine. Bili inafaa kulipia umeme wa pampu, dawa za kutibu maji, mishahara, mita na ukarabati wa kawaida. Haifai kujenga bwawa.

Njia ya pili ni kodi ya wote. Tanzania tayari inaitumia: Sh 50 hukatwa katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji, mfuko ambao Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 imeupa nafasi yake. Ukilinganisha na bili, tozo hii inamgusa mwenye gari la kifahari asiyeoga zaidi ya jirani yake, lakini inamgusa pia abiria wa daladala wa Mbagala kupitia nauli. Tena mfuko huo ni wa taifa, na vijiji ambavyo wanawake wake wanaamka saa 10 alfajiri kwenda kisimani vina haki ya kusimama mbele ya Kinondoni katika foleni yake. Dar es Salaam ikiutegemea kwa kila kitu, itakuwa inachota katika mtungi wa mwenye kiu zaidi.

Njia ya tatu ni mkopo, na hapa pana mengi ya kutazama kwa sababu mikopo haifanani. Upanuzi wa Ruvu Chini, kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, ulilipiwa kwa msaada wa Marekani kupitia shirika la MCC. Upanuzi wa Ruvu Juu, kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196, ulilipiwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India. Msaada haulipwi, lakini pia hauagizwi: unakuja mwenyewe unapotaka. Mkopo wa nje huwa na riba nafuu na muda mrefu, ila unahesabiwa kwa dola ilhali bili za Tabata na Kimara zinalipwa kwa shilingi, na shilingi ikishuka, mtu fulani lazima abebe tofauti hiyo, ama Hazina ama mteja.

Jirani zetu wa Tanga wametuonyesha namna nyingine. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya huko, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa umma kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikilenga Sh bilioni 53.12 na kupata Sh bilioni 54.72, kisha hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Deni liko kwa shilingi, na wadai ni pamoja na wananchi wa kawaida walionunua vipande vyao. Lakini riba hiyo si ndogo: asilimia 13.5 ya Sh bilioni 53.12 ni zaidi ya Sh bilioni 7 kwa mwaka kabla deni halijaanza kupungua, na fedha hizo zinatoka katika mapato ya maji, yaani katika bili. Anayesema hatifungani itatuepusha na ongezeko la bei anaeleza nusu tu ya habari. Inachofanya ni kulisambaza ongezeko hilo kwa miaka mingi ili lisidondoke kwa mkupuo mmoja, na kwa mitambo inayodumu, kusambaza huko ni haki.

Kutokana na hayo, mkopo ndio unaofaa kwa kitu kama bwawa la Kidunda kule Morogoro, lililosanifiwa kuhifadhi lita bilioni 190. Mitambo miwili ya Ruvu ikifanya kazi kwa uwezo wake wote wa lita milioni 466 kwa siku, maji hayo ni zaidi ya siku 400 za uzalishaji, ukiacha yatakayopotea kwa mvuke na yale yanayopaswa kuachwa mtoni. Aliyekuwapo hapa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na ratiba ya mgao ikatangazwa, hahitaji kuelezwa thamani ya akiba hiyo.

Njia ya nne haihesabiwi sana miongoni mwa vyanzo vya fedha, nami naiona ndiyo ya kwanza: maji yanayotibiwa, yakasukumwa, kisha yasilipiwe na mtu. Mengine yanavuja chini ya barabara, mengine yanachepushwa na wanaojiunganishia kwa siri, mengine yanapita katika mita iliyochoka inayosoma pungufu. Tuchukue hesabu rahisi. Asilimia 10 tu ya lita milioni 466 ni uniti 46,600 kwa siku. Tukiipa uniti bei ya mfano ya Sh 1,800, hizo ni takriban Sh milioni 84 kwa siku, au Sh bilioni 30 na kitu kwa mwaka. Nakiri kwamba hesabu hii ni ya kikomo cha juu, kwa kuwa mitambo haifikii uwezo wake wote kila siku na si kila tone linalookolewa litapata mnunuzi. Hata ukiikata nusu, bado inatosha kulipa riba ya hatifungani ya Tanga mara mbili.

Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993, na kabla ya mwaka 2010 ulikuwa umeshuka karibu na asilimia 6. Waliweka mita kwa kila mteja, wakagawa mtandao katika kanda zenye mita zake ili ijulikane maji yanapotelea wapi, wakabadilisha mabomba ya zamani, na wakawatoza hata wakubwa na ofisi za serikali zilizozoea kutolipa. Ilichukua zaidi ya miaka 10. Hiyo ndiyo kasoro ya njia hii mbele ya mkopo: ni ya polepole, inahitaji fedha za kuanzia, na haina jiwe la msingi la kuzinduliwa kwa ngoma. Fundi anayeziba bomba Manzese saa 8 usiku hapigwi picha.

Kuhusu kukabidhi shughuli kwa kampuni binafsi, jambo ambalo bado hutajwa kama njia ya tano, sina maneno mengi. City Water ilianza kazi Dar es Salaam Agosti 2003, na mkataba ukavunjwa Mei 2005. Mwaka 2008 wasuluhishi wa kimataifa waliona kuwa Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, lakini hawakuipa kampuni fidia yoyote. Kwa swali letu jambo la kukumbuka ni moja: fedha kubwa za mabomba katika mpango ule zilitarajiwa kutoka katika mikopo ya serikali, si mfukoni mwa mwendeshaji, kwa hiyo hata ungefaulu, usingetuondolea swali la nani alipe.

Nani apunguziwe

Hapa kuna njia inayopendwa na karibu kila mtu, nayo ni bei ya ngazi: uniti chache za mwanzo ziwe za bei ya chini, na bei ipande kadiri matumizi yanavyoongezeka. Inasikika kuwa haki yenyewe. Maskini anatumia maji kidogo, tajiri ana bustani, basi bustani ilipie sufuria. Nami nilikuwa muumini wake hadi nilipoishi Mabibo katika nyumba ya kupanga ya vyumba saba yenye mita moja, ambamo bili iligawanywa kwa vichwa, na mtoto mchanga wa chumba cha tatu alihesabiwa kichwa kamili kwa hoja kwamba nepi zake zinafuliwa kila siku.

Mita inahesabu uniti. Haihesabu watu. Nyumba ya vyumba sita Tandale yenye watu 20, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, hufikisha uniti 24 kwa mwezi, na machoni pa mita nyumba hiyo ni mtumiaji mkubwa. Wakati huohuo wanandoa wawili vijana katika ghorofa la Mikocheni, ambao wanashinda kazini na kula mgahawani, wanatumia uniti tano na kuonekana wanyonge.

Ili tulinganishe, tuchukue bei za mfano, ambazo nimezipanga mwenyewe kwa ajili ya hesabu hii na si bei za mamlaka yoyote. Mfumo wa kwanza ni bei moja ya Sh 1,800 kwa kila uniti. Mfumo wa pili ni wa ngazi: uniti tano za mwanzo kwa Sh 1,200, kuanzia ya sita hadi ya 20 kwa Sh 1,800, na zaidi ya hapo kwa Sh 2,600. Mfumo wa tatu ni wa ngazi hizohizo, lakini ngazi ya chini inazidishwa kwa idadi ya kaya zilizo nyuma ya mita, ili nyumba ya vyumba sita vyenye kaya sita ipate uniti 30 za bei ya chini badala ya tano.

| Mteja | Bei moja | Ngazi | Ngazi kwa kaya |
|---|---|---|---|
| Wanandoa wa Mikocheni, uniti 5 | Sh 9,000 | Sh 6,000 | Sh 6,000 |
| Nyumba ya kupanga Tandale, uniti 24 | Sh 43,200 | Sh 43,400 | Sh 28,800 |
| Nyumba yenye bustani Mbezi Beach, uniti 40 | Sh 72,000 | Sh 85,000 | Sh 85,000 |
| Kaya ya Chanika inayonunua madumu, uniti 3 | Sh 15,000 | Sh 15,000 | Sh 15,000 |

Ngazi za kawaida zimewapa wanandoa wa Mikocheni punguzo la theluthi nzima, huku kaya sita za Tandale zikiongezewa Sh 200. Kwa nyumba za uswahilini, kwa hiyo, bei moja kwa wote ni afadhali kidogo kuliko ngazi zinazotetewa kwa jina lao. Ngazi kwa kaya ndizo zinazofanya kazi iliyokusudiwa, kwa kushusha mchango wa kila chumba kutoka Sh 7,200 hivi hadi Sh 4,800.

Lakini mfumo huo wa tatu una bei yake, na anayeuunga mkono aseme wazi. Ukilinganisha na bei moja, nyumba moja ya Tandale inapopunguziwa Sh 14,400, mamlaka inazikosa. Nyumba yenye bustani imeongezewa Sh 13,000 tu, maana yake ni kwamba kila nyumba ya kupanga inahitaji zaidi ya bustani moja ya kuibeba, na jiji hili lina Manzese nyingi kuliko Mbezi Beach. Kuiongeza ngazi ya juu hadi Sh 4,000 hakutasaidia kama inavyodhaniwa, kwa sababu mwenye uwezo ana pa kukimbilia: atachimba kisima kirefu, atajaza simtanki zake, na bili yake itakuwa ya uniti mbili za kunywa. Sehemu ya tofauti italazimika kubebwa na ngazi ya kati, yaani na mwalimu wa Kinyerezi na mwenye duka wa Sinza, au na bajeti ya serikali.

Mbadala wa kucheza na ngazi ni kumpa ruzuku mtu badala ya kuipa mita. Chile imefanya hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: bei ya maji hutozwa kwa kiwango kinacholipa gharama, kisha kaya iliyothibitishwa kuwa na kipato cha chini inalipiwa na serikali sehemu ya bili, kwa uniti zisizozidi kikomo fulani. Mamlaka haipungukiwi mapato, na tajiri hafaidiki kwa bahati. Kwetu msingi wa utaratibu kama huo upo, kwa kuwa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina daftari la kaya zilizoandikishwa katika mpango wa kunusuru kaya maskini. Ugumu unarudi palepale penye mita ya pamoja: ruzuku itaandikwa kwa jina la nani, ikiwa bili ni ya baba mwenye nyumba na mlengwa ni mpangaji wa chumba cha uani? Tuliyaona haya Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na wapangaji wakajikuta wanalipa kodi ya nyumba zisizo zao, wakitakiwa kudaiana na wenye nyumba wenyewe kwa wenyewe. Afrika Kusini ilichagua njia tofauti, ikaweka uniti sita za bure kwa kaya kila mwezi kuanzia mwaka 2001. Ni rahisi kuieleza, lakini inahitaji hazina nono, na kwa nyumba ya kaya sita zenye mita moja inaangukia katika shimo lilelile.

Mita za malipo ya kabla, ambazo watu wameshazibatiza LUKU ya maji, zinatajwa mara nyingi katika mjadala huu, ingawa hazipunguzi bei ya mtu yeyote. Zinasaidia mamlaka kukusanya na zinamwokoa mteja na bili ya kushtukiza. Kwa mwenye kipato cha siku, kununua maji ya Sh 1,000 leo na mengine kesho ni rahisi kuliko kutafuta Sh 40,000 mwisho wa mwezi. Ila zinakata zenyewe, bila barua wala siku ya kujitetea, na wakazi wa Phiri, Soweto, walizipinga hadi Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ambayo mwaka 2009 iliamua kuwa hazivunji katiba. Ningezipendekeza kwa maduka na nyumba zenye mita binafsi kabla ya nyumba za kupanga.

Sasa turudi Chanika, kwenye mstari wa mwisho wa jedwali, ambako mfumo wowote wa bei umeacha Sh 15,000 zilezile. Kaya hii inatumia maji machache kuliko wote na kulipa zaidi ya wanandoa wa Mikocheni. Kinachoizuia si bei ya uniti, ni gharama ya kuunganishwa: bomba kutoka barabarani, uchimbaji, viungio, mita, fundi. Hapa ndipo shilingi ya ruzuku inapofanya kazi kubwa zaidi. Tuseme kuunganishwa kumegharimu Sh 300,000, ambazo nazo ni za mfano tu. Zikigawanywa katika bili za miezi 36 zinakuwa kama Sh 8,300 kwa mwezi. Kaya ikilipa hizo pamoja na uniti tatu za Sh 1,800, jumla ni Sh 13,700, chini ya inachotoa leo kwa madumu, na baada ya miaka mitatu inabaki na bili ya maji peke yake. Bomba lisipoweza kufika karibu, gati la mtaa, yaani kituo cha bomba la pamoja la kuchotea maji, lenye bei iliyobandikwa ukutani linafuata kwa ubora, mradi msimamizi wake adhibitiwe, kwa sababu gati lililokodishwa kwa mtu bila usimamizi hugeuka duka la madumu.

Uchaguzi wangu

Kama ningepewa dakika tano katika taftishi, ningeunga mkono ongezeko dogo la bei kwa sharti kwamba sehemu yake inayojulikana iende katika mita za kanda, ubadilishaji wa mabomba na uunganishaji kwa awamu, na kwamba kiwango cha upotevu kitangazwe kila robo mwaka kwa kila eneo ili ongezeko lijalo lipimwe kwa hicho. Ningepinga ongezeko la kulipia mitambo mikubwa moja kwa moja kutoka katika bili, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mkopo wa muda mrefu, wa shilingi inapowezekana. Kwa bei, ningechagua ngazi kwa idadi ya kaya. Zikishindikana, bei moja kwa wote, kabla ya ngazi za kawaida.

Kwa mtu anayeishi nyumba ya familia moja yenye uniti 10 hadi 15, uchaguzi wangu huenda usimpendeze, kwa kuwa ndiye ngazi ya kati niliyosema itabeba sehemu ya tofauti. Kwake swali la kuuliza ni anatumia kiasi gani kwa maboza siku za mgao. Boza moja la lita 5,000 ni uniti tano tu, na akiweka bei aliyolilipia mara ya mwisho kando ya bili yake ya mwezi, ataona mwenyewe kama ongezeko linaloleta maji ya uhakika linamgharimu au linamwokolea.

Linabaki tatizo moja ambalo sijalipatia jibu la kuniridhisha, nalo ni nani atahesabu kaya. Mwenye nyumba akiachiwa, ataandika kaya kumi ili apate uniti nyingi za bei ya chini, kisha aendelee kuwatoza wapangaji mchango uleule. Njia inayoelekea kufaa ni orodha ya wapangaji iliyogongwa mhuri na serikali ya mtaa, ikahuishwa kila mwaka, na bili yenyewe ichapwe kiasi anachopaswa kulipa kila chumba, ili mpangaji wa uani aweze kuisoma katika simu yake kabla hajaitwa kutoa mchango.